Dumu Lisilolia

Mtu aliyekutana na Sardara kwa mara ya kwanza hakumtazama usoni. Alimtazama masikioni. Yalikuwa yamevimba yakajikunja hadi yakafumba, magumu kama vidonge viwili vya unga uliokandwa na kusahaulika juani. Watoto wa Kot Sheru waliamini kwamba hasikii, wakamsema akiwa hapo hapo, na kila mara waligundua wakiwa wamechelewa kwamba anasikia vizuri sana. Masikio hayo aliyapata katika shimo la mieleka. Aliingia humo akiwa na miaka tisa, akatoka akiwa na arobaini, baada ya kichwa chake kusuguliwa kwenye mabega ya watu, magoti ya watu, na udongo uliochanganywa na mafuta ya haradali. Katika viunga vyote vya Gujranwala hapakuwa na aliyemwita kwa jina tupu. Alikuwa Pehlwan, cheo wanachopewa wanamieleka, na hata goti lilipomfia akawa mpagazi wa magunia ya ngano, cheo hicho hakikumtoka.

Kilichomtoka ni ruhusa ya kutumia mikono yake.

Mwaka mmoja kabla ya Korona, binti yake Sughran alirudi nyumbani kwa miguu akiwa amembeba mwanawe Mehru. Jino lake la mbele lilikuwa limevunjika, na ushungi ulikuwa umegandamana na nywele kwa damu kavu. Mumewe, Riasat, alikuwa amempiga kwa mpini wa koleo kwa sababu chai ilikuwa imepoa. Sardara hakuuliza mara mbili. Alitembea hadi kijiji cha mkwewe, akamkuta anacheza karata, akampiga konde moja. Taya lilivunjika pande mbili, Riasat akala kwa mrija kwa miezi miwili. Alipojaribu kuinuka, Sardara alimkanyaga mkono, akasikia mifupa ikialika kama kuni mbichi motoni. Jambo lililomtisha baadaye, ambalo hakumwambia mtu, ni kwamba alisikia raha.

Baraza la vijiji viwili likakaa. Watu wa Riasat walidai kwamba mtoto ni wa ukoo wa baba, na kwamba hawezi kulelewa katika nyumba yenye mnyama. Mkuu wa kijiji, Chaudhry Inayat, akaamua kwamba Mehru atabaki kwa mama yake kwa masharti mawili. Kwanza, Sardara aape kwa msahafu kuwa hatampiga binadamu yeyote tena, na siku atakayempiga mtu, mtoto ataondoka jua lisijazama. Pili, kabla mwezi wa Ramadhani wa mwaka unaofuata haujaandama, Sughran awe na kazi ya mikono yake ya kumlisha mtoto, si kumtegemea mzee mwenye goti moja. Sardara alishika msahafu, akaapa mbele ya Riasat, ambaye taya lake lilikuwa bado limefungwa waya na hakuweza hata kucheka vizuri.

Ndipo ikaja Korona na amri ya kutotoka nje. Soko la ngano likafungwa, na Sardara akawa mtu wa kukaa barazani na kuhesabu nzi. Lakini mjini kulikuwa na fundi mkuu aliyegawa vitambaa vya barakoa kwa nyumba yoyote yenye cherehani ya ovaloki, ile ya kufunga pindo kwa nyuzi tatu. Sughran alijua kuiendesha. Alichokosa ni cherehani yenyewe. Siku tisa kabla ya Ramadhani aliiona kwenye simu, kuukuu, rangi imebabuka, inauzwa na fundi mzee wa Gujranwala aitwaye Master Yunus aliyekuwa anafunga karakana yake. Sughran aliuza bangili zake za harusi, malipo yakatumwa kwa simu siku hiyo hiyo. Master Yunus alisema ataitunza hadi Alhamisi. Baada ya hapo anarudi kwao Multan, mwenye kuja na aje.

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani. Kutoka Kot Sheru hadi Gujranwala ni kilomita kumi na nane, na kwenye daraja la mfereji palikuwa na kizuizi cha polisi. Walioruhusiwa kupita ni watatu tu: mwenye dawa, mwenye maiti na mwenye maziwa. Mchukuzi yeyote mwingine alirudi kijijini akiwa na mistari mgongoni.

Sardara alimwendea Nazir, muuza maziwa, akaomba pikipiki na madumu kwa siku moja. Nazir alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka.

"Pehlwan, mimi nimechapwa nikiwa na maziwa. Wewe utachapwaje ukiwa na chuma?"

Hata hivyo alikubali. Alichukua dumu moja la zamani, akalikata kitako ili cherehani iingie kwa chini, akaacha vipande vya bati vya kukunjwa kwa koleo ili kukifunga kitako tena. Mtu akilitazama lilikuwa dumu kama madumu mengine. Alhamisi alfajiri walijaza maziwa katika madumu matatu mazima, wakasokota nyasi kwenye midomo yake ili yasimwagike njiani, na lile la nne likaning'inia tupu. Kabla hajaondoka, Sughran alimshika mkono wa kulia, akaufunga kitambaa cheusi cha ushungi wake kwenye kifundo.

"Abba, ukitaka kuunyanyua, utaona hiki kwanza," alisema.

Darajani polisi hawakumsimamisha. Mmoja alikinga kikombe, akamiminiwa maziwa, akampungia mkono apite. Sardara aligawa maziwa kwa wateja wa Nazir mlango kwa mlango, na saa nne alikuwa mbele ya karakana ya Master Yunus.

Mlango ulikuwa wazi, na hilo lilimshangaza, maana milango yote ya mtaa ilikuwa imefungwa. Ndani alimkuta Master Yunus ameegemea ukuta na miwani yake imevunjika mkononi. Vijana wawili walikuwa wameishika cherehani, mmoja huku na mmoja kule. Walikuwa ndugu, wenye karakana ya pili yake, na sasa kila karakana ilitaka kushona barakoa. Walikuwa wamemwambia mzee awauzie, mzee akasema ina mwenyewe, wakampiga kofi.

Sardara akasema kwa upole kwamba mwenyewe ndiye yeye, na ameshailipia.

"Basi ilipie tena kwa meno," akasema yule mkubwa. Akayatazama masikio ya Sardara, akamgeukia ndugu yake. "Huyu amepigwa sana tangu zamani. Kipigo kimoja zaidi hatakisikia."

Ngumi ya kwanza ilimpata chini ya jicho. Mkono wa kulia wa Sardara ulikwisha jikunja wenyewe. Ulikuwa umefika usawa wa kifua, na lile konde lililovunja taya la Riasat lilikuwa tayari humo ndani, limekaa kama mbwa aliyesikia jina lake. Akaona kitambaa cheusi. Mkono ukashuka. Ngumi ya pili ikampasua mdomo.

Katika mieleka kuna mkao wa mtu anayekataa kupinduliwa. Hupiga magoti, akapanua viganja chini, akaubana mgongo, akawa kama meza iliyoota mizizi. Sardara aliwahi kukaa hivyo dakika arobaini chini ya mtu mzito kumzidi, na mtu yule akachoka akaondoka mwenyewe. Kwa hiyo alifanya anachokijua. Aliinama, akaivuta cherehani mikononi mwao kwa uzito wa mwili tu, akaiweka sakafuni, akaifunika kwa tumbo lake.

Walimpiga mateke. Walimpiga ubavuni hadi pumzi ikakatika, wakampiga lile goti bovu, wakampanda mgongoni kwa visigino. Mdogo alichukua ubao wa kupimia kitambaa, akauvunjia mabegani mwake. Walijaribu kumpindua kwa kumshika kiuno, kisha kwa kumvuta miguu, na kila walipomvuta, viganja vyake vilikwaruza matofali ya sakafu na kuacha ngozi. Alikuwa anahesabu pumzi zake kama alivyofundishwa shimoni, na damu ya mdomoni ilidondokea kwenye gurudumu la cherehani, tone baada ya tone. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wanasema. Lakini kuna na yule asiyekubali hata kushindana, na huyo humchosha adui kuliko wote.

Walichoka. Mkubwa alitema mate juu ya shingo yake, wakaondoka wakisema huyu si mtu, ni ng'ombe.

Master Yunus alimnawisha uso kwa maji ya birika. Walipoitia cherehani dumuni iligonga bati kwa kishindo, na wote wawili wakashtuka. Mwenye hofu huogopa kelele. Master Yunus akaleta vipande vya vitambaa vilivyobaki miaka thelathini ya ushonaji, wakaizungushia cherehani hadi ikatulia kabisa. Kisha, kwa sababu vitambaa vilikuwa vingi na mzee hakuwa na haja navyo tena, wakajaza na yale madumu matatu. Sughran angepata vya kujifunzia. Sardara aliitikisa pikipiki, akasikiliza. Kimya. Akaridhika, akamshukuru mzee, akaondoka.

Alikuwa ameishi na wauza maziwa maisha yake yote. Kila siku, kabla ya adhuhuri, Nazir aliporudi kutoka mjini, kijiji kizima kilimsikia. Lakini mtu akizoea sauti huacha kuijua.

Darajani jua lilikuwa la utosi. Askari aliyekuwa zamu sasa alikuwa mwingine, kijana mwembamba, jina Tanvir limeandikwa kifuani, barakoa imeshushwa kidevuni. Sardara alipunguza mwendo, akainua mkono kusalimia, na kijana akampungia apite. Pikipiki ikaruka tuta. Kijana akapiga filimbi.

Alikuja polepole huku akiburuta fimbo yake ya mwanzi kwenye lami. Akaligonga dumu la kwanza. Du. Akaligonga la pili. Du.

"Pikipiki ya maziwa ikitoka mjini mchana hulia," akasema. "Baba yangu ameuza maziwa miaka ishirini. Tulimjua yuko mtaa wa tatu kwa kelele ya madumu, mama akaweka chai motoni. Yako mbona yamenyamaza? Umebeba maiti?"

Sardara hakujua uongo wa kusema. Alisema kweli, yote, kwa kifupi. Kijana alisikiliza hadi mwisho, kisha akamchapa mapajani, mara tatu mfululizo, mahali panapouma zaidi. Akasema watu wanakufa hospitalini na wazee wanazurura kufuata mitumba. Akasema mwenzake wa zamu amelazwa, anapumua kwa mashine. Kila sentensi aliimalizia kwa fimbo, na sauti yake ilizidi kupanda hadi ikakaribia kilio.

"Kaa jogoo."

Adhabu hiyo kila aliyesoma shule kule anaijua. Unainama, unapitisha mikono nyuma ya magoti, unashika masikio, makalio juu, mpaka mwenye fimbo aridhike. Sardara alikuwa na miaka sitini na moja. Aliinama. Goti bovu likalia kama mlango. Akapitisha mikono, akatafuta masikio, vidole vikateleza. Akajaribu tena.

"Shika masikio, nimesema."

"Mwanangu, hayana pa kushika," Sardara akasema, kichwa kikiwa katikati ya magoti.

Askari wa pili, aliyekuwa kivulini, akaangua kicheko. Tanvir alidhani anachekwa yeye. Alimpiga Sardara mgongoni kwa nguvu zote hadi akaanguka kifudifudi, viganja vikafikia lami ya moto na kuchunika upya. Kisha akaligeukia dumu. Alilifungua kamba, akalibwaga barabarani. Vipande vya bati vikafunguka, kitako kikaruka, na cherehani ikabingirika nje ya vitambaa vyake, kifuniko cha mkanda kikapasuka. Tanvir akainua fimbo juu ya kichwa ili aivunjevunje.

Fimbo haikushuka. Sardara alikuwa ameinuka kwa magoti na kuidaka ncha yake hewani.

Hakuvuta, hakusukuma. Aliishika tu. Tanvir alivuta kwa mkono mmoja, akavuta kwa mikono miwili, akakita mguu, na fimbo ilikuwa kama imepandwa ukutani. Askari wa pili aliacha kucheka, akaondoa bunduki begani. Sardara aliuona uso wa kijana kwa karibu, jasho juu ya mdomo, na taya, taya jembamba kama la Riasat. Alijua hasa mahali pa kupiga. Ile raha ya mwaka uliopita ilipanda kutoka tumboni hadi begani na kungoja hapo.

Kitambaa cheusi kilikuwa kimelowa damu, kimemng'ang'ania kifundoni.

Akaiachia fimbo. Akajigeuza, akajilaza juu ya cherehani, akaupanua mgongo wake wote.

"Nipige mimi," alisema. "Hicho ni chuma, hakisikii. Mimi nasikia."

Tanvir akampiga. Alimpiga mapigo mengi, ya mwanzo makali, ya katikati ya hasira, ya mwisho ya mtu asiyejua namna ya kuacha. Mwanzi ukapasuka. Alipokoma alikuwa anahema kuliko anayepigwa. Mfereji ulipita chini ya daraja bila haraka. Kisha Tanvir alimuuliza Sardara kwa nini hakumtupa mferejini, maana angeweza, na wote wawili walijua.

Sardara alisema ana mjukuu.

Kijana alikaa juu ya tuta. Mwishowe akasema amri inakataza kuendesha chombo bila sababu, haikatazi kutembea. Kama mzee ataisukuma pikipiki hadi kwao, yeye hajaona kitu. Akamsaidia kulirudisha dumu, na alipokuwa anakunja bati kwa koleo, akamwambia bila kumtazama, akimwita ami kwa lugha yao, "Chacha, siku nyingine acha yapige kelele."

Ilibaki kilomita kumi na moja. Aliisukuma, goti likivuta nyuma, na aliingia Kot Sheru alasiri imekwisha. Sughran alimwona mlangoni, akaziba mdomo kwa mkono. Mehru alimuuliza babu amepakwa rangi na nani.

Habari haina kizuizi cha polisi. Kesho yake, Ijumaa, siku ambayo mwezi ulitarajiwa kuandama, Riasat alifika pamoja na Chaudhry Inayat. Taya lake lilikuwa limepona upande, na alitabasamu kwa nusu ya mdomo. Alisema mbele ya majirani kwamba kijiji kizima kimeona uso wa Pehlwan. Mtu hapati uso kama huo kwa kusali. Amepigana, kiapo kimevunjika, na yeye amekuja na kikapu cha nguo za mtoto.

Sughran alimvuta Mehru nyuma yake. Sardara alikuwa amekaa juu ya kitanda cha kamba, mgongo hauegemei kitu. Kwa mara ya kwanza tangu jana aliogopa, kwa sababu hakuwa na shahidi, na Multan ni mbali.

Chaudhry Inayat hakuwa mtu wa maneno mengi, na ujana wake aliumaliza kwenye ukingo wa shimo la mieleka, akitazama. Alimwambia Sardara anyooshe mikono. Akavitazama vifundo vya vidole, kimoja kimoja. Vilikuwa vizima, na hata vumbi la njiani lilikuwa bado katika mikunjo. Kisha akaigeuza. Viganja havikuwa na ngozi. Vilikuwa vyekundu kuanzia mwanzo wa vidole hadi kwenye kitambaa cheusi.

"Anayepiga huchunika huku," akasema, akigusa vifundo. "Anayeanguka huchunika huku. Riasat, wewe ulipompiga mkeo ulichunika wapi?"

Mtu mmoja alicheka uani, akakatiza. Riasat alisema vyema, hilo limepita, lakini bado kuna sharti la pili, na mwezi unaandama leo. Iko wapi hiyo kazi? Yeye anaona chuma kilichopasuka.

Cherehani ilikuwa mezani. Sughran alikuwa ameifuta damu, amekaza parafujo, amefunga kifuniko kwa uzi. Asubuhi Sardara alimletea chupa yake ya mafuta ya haradali, naye akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, pengo la jino likaonekana: "Abba, hili si bega." Akatumia mafuta ya cherehani ambayo Master Yunus aliyatia kati ya vitambaa. Nyuzi tatu zilikuwa zimepitishwa. Alipozungusha gurudumu kwa mkono, sindano ilipanda na kushuka, ikafunga pindo vidole vinne, safi. Lakini mota ilikuwa imeanguka kwenye lami, na mota huitikia umeme tu. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa tisa, kwa mgao wa kila siku, kabla Sughran hajamaliza kuitengeneza.

Chaudhry Inayat alisema atakaa hadi urudi. Ikizunguka, mtoto ana nyumba. Isipozunguka, sharti ni sharti. Akavuta kiti mbali na wengine, akapandisha barakoa puani.

Riasat aliliweka kapu miguuni. Majirani waliegemea kuta, kila mmoja hatua mbili kutoka kwa mwenzake. Katika Kot Sheru umeme ukirudi huanzia kwenye kinu cha unga, mwanzo wa laini. Mkanda wake hunguruma kwanza, kisha ndipo nyumba hupata. Kwa hiyo hakuna aliyeitazama taa. Walisikiliza. Sughran aliketi, akaweka kipande cha kitambaa chini ya sindano, akaegemeza mguu juu ya kanyagio. Mehru alipanda kitandani taratibu, akakaa karibu na babu bila kumgusa mgongo.

Saa kumi na mbili ilipita kidogo. Mbali, juu ya mashamba ya ngano isiyovunwa, watu walikuwa wameanza kupanda madarini kuutafuta mwezi.

Sardara akainua kichwa. Akakigeuza polepole upande wa kinu, na mtoto, aliyekuwa anayatazama masikio yale yaliyofumba, akashusha pumzi na kumuuliza kwa kunong'ona kama amesikia kitu.